Vita vikiisha, mshindi huwafanya nini waliohusika na mauaji ya kimbari?

Mlezi wa Chama cha Historia (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Vijana wa chama chetu wana mdahalo Ijumaa ya wiki ijayo na wenzao wa Njoro. Hoja ni hii: "Mshindi wa vita hafai kumhukumu aliyeshindwa." Methali ya kufungulia wanayo, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Baada ya methali hawana kitu. Wanajua mahakama ya Wanazi ya Nuremberg ilikuwepo, wanajua ya Rwanda kule Arusha ilikuwepo, basi.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, jeshi likishinda na kukuta adui alikuwa akiangamiza watu, huanza na nini siku zile za mwanzo? Pili, mbona mara nyingine wahusika hufikishwa kizimbani na mara nyingine hurudi makwao wakipunga mikono? Tatu, Rwanda waliwezaje kusikiliza kesi za watu zaidi ya laki moja? Nataka miaka, idadi na utaratibu, hotuba tunazo za kutosha. Na ghasia zetu za baada ya uchaguzi, za 2007/08, tuziache, zina uzi wake.

Msomi wa Kondele (Kisumu)

Mwalimu, kabla ya yote wasawazishie vijana istilahi, maana wapinzani watawabana hapo. Redio zetu husema mara mauaji ya halaiki, mara mauaji ya kimbari, kana kwamba ni mamoja. Halaiki ni umati. Ukisema halaiki umehesabu maiti tu. Kimbari linatoka kwa mbari, yaani ukoo, na hapo ndipo sheria inaposimama: nia ya kuangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake, kwa sababu tu ni kundi hilo. Wingi wa waliokufa si kigezo. Srebrenica, Julai 1995, waliuawa wanaume na wavulana wapatao 8,000, na mahakama ya The Hague ikaamua ni kimbari. Kuna vita vilivyoua mamilioni bila kuitwa hivyo.

Sasa swali lako la kwanza. Watu hufikiri mshindi huanza na mahakama. Huanza na walio hai, na hapo ndipo makosa ya kwanza hutokea. Chukua Bergen-Belsen, kambi ya Wanazi huko Ujerumani. Waingereza waliingia 15 Aprili 1945 wakakuta wafungwa wapatao 60,000, maelfu ya maiti hazijazikwa, na tifasi, ile homa inayoenezwa na chawa. Askari wakafanya ambalo binadamu yeyote angefanya: wakagawa mgao wao wa nyama ya mkebe na vyakula vyenye mafuta. Watu wakafa. Mwili uliokaa na njaa kwa miezi ukipewa chakula kingi ghafla, insulini hupanda, madini ya fosfati na potasiamu hukimbilia ndani ya seli na kupungua kwenye damu, kisha moyo hushindwa kupiga sawasawa. Inatakiwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Walipoleta mchanganyiko wa maziwa ya unga na sukari uliokuwa umetumiwa kwenye njaa ya Bengal, wengi waliukataa kwa kuwa mtamu mno. Walipojaribu kuwalisha kwa sindano za mishipa, wagonjwa walipiga mayowe, kwa sababu sindano waliyoijua kambini ilikuwa ya kuua.

Chawa walipigwa kwa unga wa DDT, wagonjwa wakahamishiwa kambi ya jeshi iliyokuwa karibu, mabanda yakachomwa moja baada ya jingine, la mwisho tarehe 21 Mei. Pamoja na hayo yote, watu wapatao 13,000 walikufa baada ya kukombolewa. Siku zote mtu akisema "waliokolewa", hesabu hiyo iwekwe mezani.

La pili ni karatasi. Anayejua atashindwa huanza kufuta nyayo mapema. Wajerumani walikuwa na kikosi maalumu tangu 1942 cha kufukua makaburi na kuchoma maiti, na Januari 1945 walilipua matanuri ya kuchomea maiti ya kambi ya Birkenau kabla ya Wasovieti kufika. Kambi ya Majdanek hawakuwahi; Wasovieti waliikuta Julai 1944 karibu ilivyo. Ndiyo maana mshindi mwenye akili hutuma watu wa nyaraka nyuma tu ya vifaru: wizara, vituo vya polisi, ofisi za reli, benki. Mmarekani Robert Jackson, kiongozi wa mashtaka Nuremberg, aliamua kesi isimame juu ya karatasi za Wajerumani wenyewe. Shahidi anaweza kuitwa mwongo au mwenye chuki, lakini muhuri wa wizara yako mwenyewe utaukanaje?

Na bado karatasi huchelewa. Mkutano wa Wannsee, ulioratibu maangamizi ya Wayahudi, ulifanyika 20 Januari 1942. Kumbukumbu zake zilitolewa nakala 30. Iliyopatikana ni moja tu, nambari 16, kwenye mafaili ya wizara ya mambo ya nje, mwaka 1947, wakati wakubwa walikwisha kuhukumiwa na kunyongwa.

La tatu ni watu wenyewe. Himmler, mkuu wa SS na polisi wa Hitler, alikaa siku kadhaa mikononi mwa Waingereza kwa jina la uongo. Alipojitambulisha, 23 Mei 1945, daktari alitaka kumkagua mdomo, akavunja kidonge cha sumu papo hapo. Kumkamata mtu hakutoshi kama hujamkagua meno.

Wakili Lurambi (Kakamega)

Msomi kaeleza vizuri, nami niongeze upande wa sheria, kwa sababu vijana wengi huingia mdahaloni wakisema Nuremberg iliwahukumu Wanazi kwa mauaji ya kimbari. Haikufanya hivyo.

Mkataba wa London wa 8 Agosti 1945 uliweka makosa ya aina tatu: makosa dhidi ya amani, makosa ya kivita, na makosa dhidi ya ubinadamu. Hati ya mashtaka ikaongeza shtaka la kula njama, yakawa manne. Neno la kimbari, ambalo mwanasheria Raphael Lemkin alilichapisha mara ya kwanza 1944, liliingia kwenye hati ya mashtaka kama maelezo tu. Kwenye hukumu halimo. Na kuna tundu kubwa zaidi: majaji walitaka kila kosa dhidi ya ubinadamu liwe limefungamana na vita, kwa hiyo mateso ya Wayahudi ndani ya Ujerumani kabla ya Septemba 1939 yaliachwa nje. Kwa nini? Kwa sababu washindi wanne nao walikuwa na makoloni, makambi na ubaguzi wa rangi kwao. Hakuna aliyetaka kuandika sheria inayosema mgeni anaweza kukuhukumu kwa ulivyowatendea raia wako wakati wa amani. Tundu hilo lilizibwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 9 Desemba 1948, unaosema kosa ni kosa, vita viwepo visiwepo. Marekani, iliyoongoza Nuremberg, iliuridhia 1988. Miaka 40.

Kwa upande wa wanaounga mkono hoja, silaha ziko mbili, na ni kali.

Ya kwanza ni Katyn. Wasovieti waliwashtaki Wajerumani kwa kuwaua maelfu ya maofisa wa Poland huko Katyn, kosa ambalo Wasovieti wenyewe walilifanya 1940. Mwendesha mashtaka alikuwa ndiye muuaji. Majaji walisikiliza mashahidi, kisha kwenye hukumu hawakuandika neno hata moja juu ya Katyn. Moscow ilikiri 1990.

Ya pili ni Japani. Wanasayansi wa Kikosi 731, waliowafanyia wafungwa majaribio ya vijidudu nchini China, waliachwa na Wamarekani ili watoe data zao. Mfalme hakuguswa.

Kwa upande wa wapinzani wa hoja, usitumie maneno matamu, tumia Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Hitler. Wakili wake alipata maandishi ya kiapo kutoka kwa Amirali Nimitz wa Marekani akikubali kwamba manowari za Marekani nazo zilizamisha meli Pasifiki bila onyo. Mahakama ikasema wazi kwamba kifungo cha Dönitz hakitokani na uvunjaji huo wa sheria za manowari. Alipata miaka 10 kwa makosa mengine. Na watatu waliachiliwa huru: Schacht, Papen na Fritzsche. Mahakama ya maigizo huwa haiachilii mtu.

Msomi wa Kondele (Kisumu)

Wakili, kuachiliwa watatu si kitu. Hebu tazama yaliyofuata. Wamarekani walifanya kesi nyingine 12 Nuremberg hadi 1949. Ya vikosi vya mauaji vilivyofuata jeshi mashariki ndiyo ya kufundishia. Benjamin Ferencz alikuwa na miaka 27. Ripoti za vikosi hivyo zilipatikana Berlin, kila ripoti na tarehe, mahali na idadi ya waliouawa. Akazijumlisha kwa mashine ndogo ya hesabu, na alipovuka milioni moja akaacha. Washukiwa walikuwa maelfu. Aliwashtaki 24. Unajua kwa nini 24? Kwa sababu viti vya kizimbani vilikuwa 24.

Kati yao 14 walihukumiwa kifo. Walionyongwa ni wanne, Juni 1951. Waliobaki walikuwa huru kufikia 1958. Sababu? Vita vya Korea vilianza 1950, Marekani ikataka jeshi la Ujerumani Magharibi, na Wajerumani wakasema hawatashika bunduki wakati maofisa wao wako gerezani. Januari 1951 McCloy, kamishna wa Marekani nchini Ujerumani, akapunguza vifungo kwa mkupuo.

Kuna kosa jingine la kiutaratibu ambalo halisemwi sana. Wamarekani waliwapa Wajerumani wote watu wazima wa eneo lao fomu ya maswali 131: ulikuwa chama gani, cheo gani, mshahara gani. Halafu kila mtu akawekwa daraja moja kati ya matano, kuanzia wakosaji wakuu hadi wasio na hatia. Mabaraza ya Wajerumani yaliyopewa kazi 1946 yakaanza na mafaili mepesi ili kupunguza rundo. Mafaili mazito yakasubiri. Kufikia 1948 Wamarekani walitaka kazi iishe, kwa hiyo karani mdogo wa 1946 alipigwa faini na kufukuzwa kazi, naye bosi wake wa 1948 akapita kama mfuasi tu. Vyeti vya majirani vya kumsafisha mtu vilikuwa vingi mno hata vikapewa jina la sabuni ya kufulia, Persil.

Msomaji wa Webuye (Bungoma)

Swali la pili la mwalimu halijajibiwa bado. Kwa nini wengine hurudi makwao? Jibu ni fupi: kwa sababu aliyeshindwa bado ana kitu anachokitaka mshindi. Mifano mitatu, na ukiielewa hiyo umeelewa karibu yote.

Waarmenia. Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitangaza 24 Mei 1915, mauaji yakiendelea, kwamba viongozi wa Uturuki watawajibishwa mtu mmoja mmoja. Uturuki ikasalimu amri 30 Oktoba 1918. Siku chache baadaye Talat, Enver na Cemal, wakuu watatu wa serikali ya wakati wa vita, wakatoroka kwa meli ya Kijerumani. Kosa la kwanza: mkataba wa kusitisha vita haukuwa na kifungu cha kuwakabidhi. Serikali mpya ya Istanbul ilifungua mahakama za kijeshi 1919, ikamnyonga mtawala wa wilaya ya Boğazlıyan mwezi wa Aprili, ikawahukumu kifo wale watatu wakiwa hawapo. Waingereza nao wakakusanya washukiwa zaidi ya 100 wakawapeleka kisiwa cha Malta. Wakakaa huko wee. Mafaili yalikuwa mikononi mwa Waturuki, mashahidi walikuwa wamekufa au wametawanyika Syria, na mawakili wa London wakasema ushahidi uliopo haupiti mahakama ya Kiingereza. Wakati huo Mustafa Kemal, kiongozi wa Waturuki waliokataa masharti ya washindi, alikuwa amewashika Waingereza wachache, mmoja wao Kanali Alfred Rawlinson. 1921 wakabadilishana. Malta ikabaki tupu.

Mkataba wa Sèvres wa 1920 ulikuwa na kifungu cha 230 cha kuwakabidhi watuhumiwa. Haukuridhiwa, kwa sababu Kemal alishinda vita vilivyofuata. Wa Lausanne wa 1923 ukaja na tamko la msamaha. Talat aliuawa Berlin Machi 1921 na kijana Mwarmenia, Soghomon Tehlirian, na mahakama ya Berlin ikamwachilia. Lemkin alikuwa kijana wakati huo, na kesi hiyo ilimkera maisha yake yote: iweje aliyeua mmoja ashtakiwe na aliyeua taifa asishtakiwe?

Bangladesh. India iliishinda Pakistan, ambayo jeshi lake lilikuwa likiwaua Wabengali, 16 Desemba 1971 ikashika mateka 93,000. Dhaka ilitaka kuwashtaki 195. Mikononi mwa Pakistan kulikuwa na Wabengali mamia ya maelfu waliokwama upande wa magharibi, Pakistan ilikuwa haijaitambua Bangladesh, na China ilikuwa imeizuia kuingia Umoja wa Mataifa kwa kura ya turufu, Agosti 1972. Piga hesabu: watu 195 kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili raia wako wote, utambulisho na kiti New York. Aprili 1974, Delhi, wale 195 wakaachiliwa. Septemba mwaka huo Bangladesh ikaingia Umoja wa Mataifa. Sheria ya mahakama iliyotungwa 1973 ilikaa kabatini hadi 2010, ikatumika kwa Wabangladeshi wenyewe walioshirikiana na jeshi la Pakistan. Na kisa hakikuishia hapo: Novemba 2025 mahakama hiyohiyo ilimhukumu kifo Sheikh Hasina, ambaye serikali yake ndiyo iliyoifufua, kwa mauaji ya waandamanaji wa 2024.

Namibia nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma. Huko 1904 mshindi ndiye aliyeua. Jenerali wa Kijerumani Von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero 2 Oktoba 1904, na Wanama wakafuata. Afrika Kusini ilipoitwaa nchi hiyo kwa niaba ya Mwingereza, 1918 kikachapishwa Kitabu cha Buluu: ushahidi wa viapo, picha, kila kitu. Kiliandikwa ili Ujerumani inyang'anywe koloni, na ikanyang'anywa. Kisha 1926 baraza la wazungu wa Namibia likapitisha azimio kitabu hicho kiharibiwe, kwa sababu sasa walowezi wa Kijerumani walitakiwa wapige kura pamoja na Makaburu. Miaka minane tu, kutoka ushahidi hadi takataka. Ujerumani ilikuja kulitamka neno lenyewe na kuahidi euro bilioni 1.1 mwaka 2021, kwa kipindi cha miaka 30, na ikakataa kuziita fidia.

Mlezi wa Chama cha Historia (Nakuru)

Asanteni sana. Habari ya viti 24 nitaibandika ukutani. Rwanda je? Pale hakukuwa na mshindi wa kigeni.

Dada wa Kapsoya (Eldoret)

Shikamoo Mwalimu. Rwanda nitajaribu kuieleza kwa mpangilio, maana watu huchanganya mahakama tatu tofauti.

RPF, waasi waliowashinda waliofanya mauaji ya kimbari ya Watutsi, iliingia Kigali 4 Julai 1994 na serikali ikaundwa 19 Julai. Ikakuta nchi haina majaji, haina magari, haina karatasi, na zaidi ya watu milioni moja wamevuka mpaka hadi Goma pamoja na wauaji wenyewe. Makambi yale yaliongozwa na jeshi lililoshindwa. Chakula cha misaada kiligawiwa kupitia viongozi wa tarafa walewale waliopanga mauaji, kwa hiyo mashirika yalikuwa yakiwalisha wakosaji na kuwapa nguvu juu ya wakimbizi. Vita vya Zaire vya 1996 vilianzia hapo.

Mahakama ya kwanza ni ya Arusha, iliyoundwa na Baraza la Usalama kwa azimio 955, 8 Novemba 1994. Kura 13 za ndiyo, China ikajizuia, na moja ya hapana. Hiyo ya hapana ilikuwa ya Rwanda yenyewe, ambayo mwaka huo ilikuwa na kiti barazani! Ililalamika kwamba mahakama iko nje ya nchi, haiwezi kugusa matayarisho ya kabla ya Januari 1994, na haina adhabu ya kifo. Hoja ya mwisho ilikuja kuonekana wazi. Jean Kambanda, waziri mkuu wakati wa mauaji, alikamatwa Nairobi Julai 1997 pamoja na wengine sita katika operesheni moja, akakiri 1 Mei 1998, akapata kifungo cha maisha. Siku saba kabla ya kukiri kwake, 24 Aprili, Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22 ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufikia cheo chake.

Arusha ilishtaki watu 93, ikawahukumu 62, ikafunga milango mwisho wa 2015. Gharama inakaribia dola bilioni 2. Ukigawanya utashtuka. Lakini kesi ya Akayesu, 2 Septemba 1998, ndiyo ya kwanza duniani ambapo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ikaamua kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kuangamiza kundi. Shtaka hilo halikuwemo mwanzoni. Liliongezwa baada ya mashahidi wanawake kulitaja wakiwa kizimbani, na jaji pekee mwanamke, Navanethem Pillay, akawauliza zaidi.

Pili ni mahakama za kawaida za Rwanda. Sheria ya Agosti 1996 iliwapanga washukiwa madaraja manne, kuanzia wapangaji hadi walioharibu mali. Magereza yalifika watu 120,000 na zaidi, watu wakilala kwa zamu, vidole vya miguu vikioza kwa kusimama kwenye unyevu. Kwa kasi ya kesi zilivyokwenda, wangemaliza baada ya zaidi ya miaka 100.

Ndipo tatu, gacaca. Neno lenyewe ni nyasi fupi, pale wazee walipoketi kusuluhisha. Sheria ikapita 2001, wananchi wakachagua waamuzi takriban 250,000 mwezi wa Oktoba, majaribio yakaanza 2002, nchi nzima 2005, zikafungwa 18 Juni 2012. Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza kitongoji kizima hukutana mara moja kwa wiki na kuandika orodha: nani aliishi hapa Aprili 1994, nani aliuawa, wapi, mali gani iliibwa, nani anashukiwa. Kisha kila mshukiwa hufunguliwa faili na kuwekwa daraja. Wapangaji walipelekwa mahakama za kawaida, wauaji wakasikilizwa gacaca ya ngazi ya juu kidogo, wezi wa mali wakabaki kitongojini na adhabu ilikuwa kulipa tu. Waamuzi walikuwa 19 kwa kila baraza, wakapunguzwa hadi 9, kisha 7, kwa sababu akidi ilikuwa haitimii siku za kulima. Hawakulipwa. Mawakili hawakuruhusiwa. Aliyekiri, akawataja wenzake na kuonyesha walipozikwa watu, alipunguziwa kifungo, na nusu yake akaitumikia kwa kazi za umma: barabara, matuta ya mashamba, nyumba za manusura.

Kesi zilipita milioni 1.9. Theluthi mbili hivi zilikuwa za mali, si za damu. Usiwaache vijana waseme "wauaji milioni mbili".

Yaliyoharibika? Hongo kwa waamuzi wasiolipwa. Mashahidi waliotishwa, wengine kuuawa. Kukiri nusu, mtu akiwataja waliokwisha kufa. Majirani wa mashahidi kukaa kimya kwa makubaliano. Kesi za mashamba zilizovalishwa nguo za kimbari. Na wezi wa mali wengi hawakulipa kwa sababu hawakuwa na cha kulipa. Ng'ombe aliliwa 1994, umdai nani?

Wakili Lurambi (Kakamega)

Dada, umeeleza vizuri ila umepita mbali na jambo ambalo wapinzani wataliuliza dakika ya kwanza. Gacaca haikusikiliza makosa ya jeshi la RPF, kwa mfano mauaji ya kambi ya Kibeho ya Aprili 1995. Arusha nayo haikumshtaki hata mtu mmoja wa upande ulioshinda. Carla Del Ponte, mwendesha mashtaka mkuu wa Arusha, aliposema anafungua uchunguzi huo, Kigali ikakataa kushirikiana, na 2003 Baraza la Usalama halikumwongezea muda kwa upande wa Rwanda. Mwenyewe aliunganisha mambo hayo mawili hadharani.

Lakini wafundishe vijana tofauti hii kwa makini. Kusema mshindi hakushtakiwa ni sahihi. Kusema kwa hiyo pande zote zilifanya kimbari ni uongo, na ni mbinu ya wanaokana.

Dada wa Kapsoya (Eldoret)

Nakubali. Na suala la ardhi nalo ni la mshindi. Wakimbizi wa Kitutsi wa tangu 1959 walirudi kwa mamia ya maelfu na jeshi lililoshinda, wakaingia nyumba zilizoachwa wazi. Makubaliano ya amani ya Arusha ya 1993 yalikuwa yamependekeza aliyekaa nje zaidi ya miaka 10 asidai shamba lenye mtu mwingine. Wenye nyumba waliporudi kutoka Zaire mwisho wa 1996, mashariki mwa nchi serikali ikaamuru kugawana shamba nusu kwa nusu. Aliyekuwa na ekari mbili akabaki na moja. Msomaji wa Nakuru hahitaji kuelezwa hapo.

Msomaji wa Webuye (Bungoma)

Kwa fidia, tarakimu moja inatosha: mkataba wa Luxembourg wa 10 Septemba 1952, Ujerumani Magharibi iliahidi Israel maki bilioni 3 na mashirika ya Wayahudi milioni 450. Israel haikupokea noti, ilipokea zaidi bidhaa kwa awamu, kama vile meli, chuma na mitambo.

Na Kambodia msiisahau, japo ni fupi. Vietnam iliwatimua Khmer Rouge, wakomunisti waliokuwa wakitawala huko, 7 Januari 1979, ikamhukumu kiongozi wao Pol Pot kifo mwezi wa Agosti kwa kesi ya siku tano akiwa hayupo, mawakili wake "wa utetezi" wakiomba naye alaaniwe. Hakuna nchi ya Magharibi iliyoijali hukumu hiyo, na kiti cha Umoja wa Mataifa kikabaki kwa waliopinduliwa kwa miaka zaidi ya kumi, kwa sababu aliyeshinda alikuwa rafiki wa Wasovieti. Ushahidi uliokusanywa 1979 ulikuwa mzuri. Mahakama iliyokuja 2006 iliwatia hatiani watu watatu kwa jumla, na hukumu ya kimbari ilitoka Novemba 2018, kwa mauaji ya Wacham, Waislamu wa huko, na Wavietnam.

Mlezi wa Chama cha Historia (Nakuru)

Nimeshiba. Swali la mwisho la mwanafunzi mmoja: walionyongwa Nuremberg kwenye kesi ya wakubwa ni 12 au 10? Vitabu vyetu vinatofautiana.

Wakili Lurambi (Kakamega)

Vyote viko sahihi, vinahesabu vitu tofauti. Waliohukumiwa kifo ni 12. Bormann, katibu wa Hitler, alihukumiwa hayupo. Göring, mkuu wa jeshi la anga, alimeza sumu saa chache kabla. Walionyongwa usiku ule wa 16 Oktoba 1946 ni 10. Mwambie na mwingine: walioshtakiwa walikuwa 24, waliotolewa hukumu 22, kwa sababu Ley alijinyonga kabla ya kesi na Krupp mzee alionekana hana afya ya kusimama kizimbani.

Msomi wa Kondele (Kisumu)

Na huyo Göring walikuwa wamemkagua mara nyingi tu.